Barua ya wazi: fedha za mafunzo ya ufundi zifike karakanani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo,
Mheshimiwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii,
Mheshimiwa Waziri wa Fedha, Mipango na Maendeleo ya Uchumi,
na Baraza la TVET, la elimu na mafunzo ya ufundi.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Arua, hapa Uganda, mimi mwenye karakana ya kuchomelea vyuma. Tunatengeneza milango, magrili ya madirisha, na bodi za malori yanayokwenda mipakani, Vurra na Oraba. Ombi langu ni moja na nalitanguliza: shilingi ya umma iliyotengwa kumfundisha kijana kazi ya mkono imfuate kijana huyo mpaka pale anapojifunzia. Leo inaishia kwenye lango la chuo. Aliye karakanani, na hapa kwetu hao ndio wengi, anagharamiwa na mama yake anayeuza mihogo sokoni, pamoja na fundi aliyekubali kumpokea.

Labda kuna anayedhani kwamba sisi wenye karakana tunawapokea vijana hawa kwa huruma, au kinyume chake, kwamba tunatafuta vibarua wa bure. Yote mawili yapo, sikatai. Lakini sababu kubwa ni biashara, na serikali ikiielewa biashara hiyo itajua mahali pa kuweka mkono wake.

Mzazi au mjomba humleta kijana. Tunakaa chini ya mwembe, tunazungumza, tunapatana. Mara nyingi kuna ada, na asiyekuwa na pesa taslimu hulipa kidogo kidogo baada ya mavuno. Ni nadra kuandikwa chochote. Kesho yake kijana anafika, na tangu siku hiyo ananigharimu. Anateketeza fimbo za kuchomelea kwa kujaribu. Anavunja diski za grainda. Anakata bomba la mraba likiwa fupi kwa vidole viwili, na bomba hilo mteja wangu halipii. Kinachouma zaidi ni muda wa fundi mkuu: kila anaposimama kumwonyesha kijana namna ya kushika fimbo na kusoma rangi ya chuma kinachoyeyuka, kazi yake mwenyewe imesimama, na mwenye lori amekaa kwenye benchi anaangalia saa.

Hali hiyo huenda miezi mingi. Kisha hugeuka taratibu. Kijana anaanza kupiga rangi bila kusimamiwa, anapima, anafunga grili nzima, na ukifika mwaka wa pili anaanza kurudisha alichokula. Mwenye karakana anayemchukua mwanagenzi anatazama miezi hiyo ya mwisho. Anataka mkono anaoujua. Akimwajiri mtu asiyemjua kwa kutazama cheti tu, atagundua siku ya tatu kwamba mtu huyo hajawahi kuchomelea bati jembamba bila kulitoboa. Aliyemlea mwenyewe anamjua tabia, anajua kama ni mwaminifu na vifaa, anajua kama anaweza kuachiwa mteja mwenye hasira. Tena karakana yenye mafundi watatu waliofundwa pamoja inaweza kuthubutu kupokea oda ya bodi la lori, wakati fundi aliye peke yake hubaki na viti na majiko.

Haya si ya Arua peke yake. Uswisi, ambako uanagenzi ni njia ya kawaida ya kijana baada ya shule, tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba waajiri wengi hurudishiwa gharama zao na kazi ya mwanagenzi kabla hata mafunzo hayajaisha. Ujerumani mwajiri humlipa kijana posho na kubeba mafunzo ya kazini, na serikali za majimbo hugharamia shule ya ufundi anayohudhuria siku chache za juma. Kila upande unabeba kile unachokiweza.

Sasa niseme kwa nini wengi wetu tunakataa vijana, maana ndipo penye tatizo. Gharama inakuja mwanzoni na faida mwishoni, na katikati kijana anaweza kuondoka. Juba iko karibu. Mmoja niliyemfundisha mpaka akaiva alipata kazi huko kwa ujira ambao mimi singeweza kuufikia, akaenda. Simlaumu hata kidogo; ana wadogo zake wa kuwasomesha. Ila hasara ya miezi ile ya kwanza ilibaki kwangu, na aliyemwajiri alipata fundi kamili bila kutoa senti ya mafunzo. Jirani yangu yamemkuta hayo, akaamua hachukui tena mtu asiye mtoto wa ndugu yake. Ukiwahesabu wenye karakana wanaofikiri hivyo kutoka hapa hadi Katwe na Kisenyi kule Kampala, utapata milango mingi iliyofungwa, na wala si kwa roho mbaya.

Nchi nyingi zimekutana na tatizo hili, na nyingi zimelijibu kwa tozo: waajiri wote wachange, wanaofundisha warudishiwe. Majirani zetu wameshafanya hivyo. Kenya mwajiri hulipa shilingi 50 za Kenya kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, zinakwenda kwenye mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA. Tanzania wana tozo ya kuendeleza ufundi stadi inayokatwa kwenye jumla ya mishahara. Ilishushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, na sehemu yake huendesha VETA, mamlaka yao ya mafunzo ya ufundi stadi. Afrika Kusini ni asilimia 1. Uingereza walianza Aprili 2017: mwajiri ambaye mishahara yake inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka hukatwa asilimia 0.5, na fedha hizo huingia kwenye akaunti ya kulipia mafunzo ya wanagenzi.

Mfano wa Uingereza naomba muusome kwa makini, mazuri yake na mabaya yake. Mabaya kwanza. Mwaka wa masomo wa 2016/17, ambao tozo ilianza karibu na mwisho wake, walioanza uanagenzi kule England walikuwa karibu 495,000. Mwaka uliofuata wakashuka hadi karibu 376,000. Kampuni kubwa nyingi zilitumia fedha zao kuwasomesha watu ambao tayari walikuwa kazini, hata mameneja, na kijana anayetafuta mlango wa kwanza akabaki nje. Mkiunda mfuko bila kusema wazi ni wa nani, wenye wahasibu na waandishi wa maombi watafika kabla ya fundi wa Arua.

Mazuri yake ni namna ya kulipa. Anayetoa mafunzo halipwi zote kwa mkupuo. Asilimia 80 hugawanywa mwezi hadi mwezi, na asilimia 20 hubaki mpaka mwanagenzi amalize. Tena mwajiri anayemchukua kijana wa miaka 16 hadi 18 hupewa pauni 1,000 kwa awamu mbili, nusu baada ya siku 90, nusu baada ya siku 365, mradi kijana bado yupo. Aliyepanga hivyo alielewa kwamba hatari kubwa ni kijana kuacha njiani, akaweka fedha mahali pa kumfanya mwajiri atake abaki.

Turudi nyumbani. Sisemi kwamba serikali yetu haijatoa kitu. Kuna vyuo vya umma vinavyopokea ruzuku. Kuna vituo vya Rais vya mafunzo ya viwandani vya kanda, ambako vijana wanalala, wanakula na kufundishwa bila ada, na nimewaona waliotoka huko wakiwa na ari. Kulikuwa na mradi wa stadi uliogharamiwa kwa mkopo wa dola milioni 100 kutoka Benki ya Dunia, na ndani yake mfuko wa kuendeleza stadi, SDF, ulioendeshwa na Private Sector Foundation Uganda, jumuiya ya sekta binafsi. Huo ndio uliosogea karibu nasi kuliko yote, kwa sababu ulitoa ruzuku kwa biashara zenyewe, hata za jua kali: mfuko unachangia sehemu, mwombaji anachangia sehemu. Lakini ilibidi uandike andiko la mradi. Fundi anayeandika vipimo kwa chaki ukutani ataandikaje andiko la kurasa nyingi? Akimlipa mtu amwandikie, ametumia fedha za diski zake kununua karatasi. Na mradi, kama ilivyo miradi yote, ulifika mwisho.

Kwenye kodi nako kuna kitu kizuri kisichotufikia. Sheria ya Kodi ya Mapato inamruhusu mwajiri kutoa kwenye mapato yake gharama za mafunzo ya mfanyakazi wake, kwa muda usiozidi miaka 5 kwa jumla. Kiwanda cha Jinja chenye mhasibu kinanufaika. Karakana yenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 150 kwa mwaka kwa kawaida hutozwa kodi ya makadirio, ambayo hukokotolewa kwa mauzo bila kujali umetumia nini. Nikimfundisha kijana mmoja au kumi, kodi yangu ni ile ile. Kwa hiyo nafuu ya mafunzo inakwenda kwa wale ambao wangefundisha hata bila nafuu, na wanaofundisha vijana walioachia masomo darasa la saba hawapati chochote.

Mzigo wa sheria, huo unatufikia bila shida. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamhesabu aliye kwenye mkataba wa uanagenzi kuwa mfanyakazi. Ni haki, naiunga mkono, kwa kuwa kijana naye ana mwili unaoumia. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, kila mwajiri, hata mwenye mtu mmoja, anapaswa kuchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: asilimia 10 ya mshahara kutoka kwake na asilimia 5 kutoka kwa mfanyakazi. Kijana akiumia kazini, fidia ni juu ya mwajiri. Matokeo mnayaona: wengi wetu tunaogopa kuandika mkataba. Asipoandikwa, kijana hana haki anayoweza kuithibitisha, na mimi sina karatasi ya kuonyesha kwamba nimefundisha. Kutoandika kunatuumiza sote wawili.

Hapa nieleze jambo lililotokea kwangu. Chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kilituletea wanafunzi wa mafunzo ya vitendo. Walikuja na madaftari ya kusainiwa. Hawakuja na miwani ya kinga wala glovu, hakuna bima, na mwalimu wa kuwakagua hakuonekana mpaka wakamaliza. Ada yao ilikuwa imelipwa chuoni, ikiwemo ya hayo mafunzo ya vitendo. Cheche ilimruka mmoja karibu na jicho. Mungu alisaidia likapona. Dawa nilinunua mimi. Nilitia saini daftari lake kwa sababu alijituma, lakini swali halijaniondoka: ile sehemu ya ada iliyoandikwa mafunzo ya vitendo ilitumika wapi, ikiwa vitendo vyenyewe vilifanyika kwangu?

Sasa mmepata chombo. Sheria ya TVET ya mwaka 2025 imeleta Baraza la TVET, na bodi mpya ya mitihani ya ufundi, UVTAB, imechukua kazi ya kutahini iliyokuwa imegawanyika kati ya bodi ya UBTEB na DIT, idara ya mafunzo ya viwandani. Ile DIT ya zamani ilikuwa na jambo moja la thamani kubwa: cheti cha Worker's PAS, ambacho mtu alipimwa kwa kile anachoweza kufanya kwa mikono yake, hata kama hakukaa darasani siku moja. Mtahini anakuja, anasema chomelea kiungo hiki, anaangalia. Naomba kwa moyo wote njia hiyo isififie ndani ya bodi mpya. Ikibaki hai, tayari mna kipimo cha kulipia. Mwanagenzi aliyefaulu mbele ya mtahini wa UVTAB ni ushahidi ambao hakuna mtu anayeweza kuughushi kwa urahisi.

Pendekezo langu ni hili. Karakana ijiandikishe kwa ofisa wa wilaya au wa jiji, kwa ukurasa mmoja, kwa lugha ambayo fundi anaielewa, Kiswahili kikiwemo, maana ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii. Ofisa aje aone: kuna fundi anayejua kazi, kuna vifaa, kuna mahali salama. Mkataba wa watatu uandikwe kati ya fundi, kijana na mzazi. Fedha zilipwe kwa vipande. Cha kwanza kinunue miwani, glovu, buti na bima ya ajali, na kitolewe siku ya kuanza kwa sababu jicho halisubiri. Cha pili baada ya siku 90, ofisa akithibitisha kijana yupo. Cha tatu mwaka ukitimia. Cha mwisho, na kiwe kikubwa, kijana akifaulu mtihani. Ada ya mtihani ilipwe na mfuko moja kwa moja, maana nimeona vijana hodari wakikaa bila cheti kwa kukosa ada hiyo tu. Na kijana apate posho ndogo ya chakula na nauli, kwenye simu yake mwenyewe. Bila posho, wanaobaki ni wale ambao nyumbani kwao kuna mtu wa kuwalisha, na maskini kabisa wanaacha baada ya majuma machache kwenda kubeba matofali.

Njia ya kufikisha fedha ipo. Mpango wa maendeleo ya parishi, PDM, unapeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila parishi, na wanufaika wanapokea kwa simu kupitia pochi ya simu iitwayo Wendi. Parishi ni takriban 10,600. Siombi fedha za PDM zichukuliwe, zile ni za kaya na zina kazi yake. Naomba mtazame kipimo. Kila parishi ikitengewa shilingi milioni 10 kwa wanagenzi 10, milioni moja kwa kila mmoja, ni vijana wapatao 106,000 na takriban shilingi bilioni 106. Ni fedha nyingi, najua. Anzeni na wilaya chache, pamoja na jiji letu, mpime kabla ya kupanua.

Mtaniuliza kuhusu wizi. Mna haki. Nchi hii imewahi kuwa na walimu hewa na askari hewa, na wanagenzi hewa hawatashindwa kuzaliwa. Ndiyo maana sehemu kubwa naiweka mwisho, kwenye mtihani. Mtu hewa hawezi kushika fimbo ya kuchomelea mbele ya mtahini. Bandikeni pia orodha ya karakana na idadi ya wanagenzi kwenye ubao wa parishi. Watu wa mtaa wanajua karakana ipi ina vijana na ipi ina kufuli.

Kuna vijana wa aina mbili ambao nawaombea kipekee. Wa kwanza ni wasichana. Wateja wetu walizoea kucheka msichana akishika grainda. Sasa wamepungua, na kazi ya rangi na vipimo ya wasichana niliowaona ni safi mno. Lakini karakana nyingi hazina choo chenye mlango unaofungwa, na mzazi hawezi kumwacha binti mahali kama hapo. Nyongeza ndogo kwa karakana inayojenga choo na kupokea wasichana ingefanya kazi kuliko hotuba nyingi. Wa pili ni wakimbizi wa Rhino Camp, Imvepi na Bidi Bidi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa nafasi ya kufanya kazi. Kitambulisho chao cha mkimbizi kikubaliwe kwenye mfuko kama kitambulisho cha taifa. Siku wakirudi kwao, Yei kule Sudan Kusini au Aru kule Kongo, mikono iliyojengwa hapa itakuwa ndiyo inayonunua vyuma kwetu.

Kuhusu chanzo cha fedha, mpango wa Skilling Uganda ulizungumzia mfuko wa stadi na tozo ya mafunzo zaidi ya miaka kumi iliyopita. Waajiri wakubwa wanalalamika kwamba tayari wanabeba NSSF na mengine, na malalamiko yao yana uzito. Lakini kampuni za mafuta kule Hoima na Buliisa, na waliojenga bomba la kwenda Tanga, wamejionea gharama ya kukosa wachomeleaji wenye vyeti vinavyokubalika kimataifa. Mchomeleaji wa bomba haanzi na bomba. Anaanza na grili ya dirisha, kwenye karakana kama yangu. Tozo ndogo kwa kampuni zenye mishahara mikubwa, inayorudi kwa yeyote anayefundisha na isiyoingia kwenye mfuko mkuu wa hazina, naamini wangeikubali wakiona mafundi wanatokea. Karakana ndogo zisitozwe.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka mfumo wa bajeti, yaani andiko linaloitwa Budget Framework Paper, ufike Bungeni ifikapo tarehe 31 Desemba. Naomba mstari wa wanagenzi wa karakana uwemo kwenye mfumo huo, hata kama ni kwa wilaya tano tu, na Baraza la TVET litoe fomu ya ukurasa mmoja ya mkataba wa watatu bila kusubiri fedha, kwa kuwa fomu haina gharama na sisi tungeanza kuitumia mwezi huu. Mkimtuma ofisa kuja kuona, karakana zetu ziko wazi kuanzia saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, na mafundi wenzangu wako tayari kumwonyesha madaftari yao ya gharama, wale wanaoyaweka, na kumwelezea kwa mdomo wale wasioyaweka.

Kwa heshima,

Fundi wa kuchomelea vyuma na mwenye karakana,
Arua.